Weupe Uliozidi Kiwango

Nchi yenyewe huijui, ndugu msomaji, na ukikutana na mtu akakuambia anaijua, mwepuke, huyo ni mchochezi. Iko mbali sana. Ina ziwa kubwa lililojaa hadi linamwagikia barabarani, na ina Wizara ya Maji Yasiyotumika, ambayo kazi yake ni kuhakikisha ziwa hilo halitumiki. Mbele ya jengo la wizara ipo chemchemi ya marumaru inayorusha maji juu mwaka mzima bila kupumzika, na kibao chake kimeandikwa: AHSANTENI KWA KUBANA MAJI.

Katika nchi hiyo kila nyumba ilipewa mashine ya kufulia iitwayo Nidhamu. Waziri alipoizindua alieleza kwamba mashine za mataifa mengine hunywa maji kama ng'ombe, lakini Nidhamu hufua nguo za familia nzima kwa bilauri moja. Akainua bilauri yenyewe watu waione, kisha akanywa nusu yake, kuonyesha kwamba hata hiyo moja ilikuwa ubadhirifu. Watu wakapiga makofi. Mabeseni yakakusanywa mtaa kwa mtaa, yakapelekwa yalikopelekwa, na kuwa na beseni ndani ya nyumba kukawa kosa la jinai, isipokuwa beseni lenye tundu.

Nidhamu ukiiwasha inanguruma, inatetemeka, halafu inahama. Unaiacha jikoni unaikuta sebuleni, imeziba mlango na wageni wako nje wanabisha hodi. Ikimaliza inapiga wimbo wa taifa, na sheria inamtaka kila aliyemo nyumbani asimame wima, hata kama alikuwa amechuchumaa kwa shida zake. Ukishakaa tena unafungua kifuniko, unatoa nguo. Ni za moto, ngumu kama kadibodi, zina mistari myeupe ya sabuni iliyogandia, na madoa yote yako palepale yalipokuwa, ila sasa yamekaangwa.

Sabuni isiyosuuzwa inawasha, hilo halihitaji shule. Wizara ikatoa tamko kwamba ule haukuwa mwasho, ilikuwa hamasa, na kwamba mwananchi anayejikuna anashiriki katika ujenzi wa taifa. Tangu hapo vikao vyote vya serikali vilifunguliwa kwa Waziri kujikuna, akafuatiwa na naibu wake, kisha wakurugenzi, kwa kufuata vyeo. Mhudumu wa chai alijikuna nje.

Basi katika wizara hiyo alikuwepo Bwana Athanasi Mkude, Mkurugenzi Msaidizi wa Povu. Alikuwa mtu mpole, mnene kiasi, mwenye sauti nzuri ya redio, na ni sauti hiyo iliyompandisha. Kila Jumamosi alizungumza na taifa kuhusu faida za Nidhamu, na siku moja, kwa kunogewa tu, alisema kwamba nyumbani kwake beseni ni hadithi wanayosimuliwa watoto. Hakuwa na mtoto, lakini maneno yalivuma.

Mtu mwenyewe alikuwa anateketea. Nguo za nje angezivumilia, ila za ndani zilikuwa zimemchubua mahali ambapo mkurugenzi hawezi kupataja. Alitembea amepanua miguu kidogo, na vijana wa ofisini, wakidhani ndiyo mwendo wa wakubwa, wakaanza kumuiga. Kwa daktari hakuthubutu kwenda, maana madaktari waliagizwa kuripoti kila ngozi yenye msimamo tofauti. Mkewe Leokadia, mwalimu wa shule ya msingi, alimpaka mafuta ya nazi, akampepea kwa gazeti, akamuuliza kwa nini basi asiseme ukweli siku moja kule redioni. Athanasi akamjibu kwamba ukweli unataka muda wa maandalizi, na kipindi chake ni kifupi.

Mambo yalikuwa hivyo Bi Pelagia alipofika. Huyu alikuwa mama yake Leokadia, mjane kutoka milimani, mwanamke mkavu wa mwili na wa maneno, aliyekuja kumwangalia binti yake. Alikuja na mkungu wa ndizi aliouketisha ndani ya beseni kubwa la bati. Askari wa kizuizi cha barabarani walihesabu ndizi, wakachukua chache, na beseni hawakuliona.

Sasa lazima nikueleze kwamba watu wa nchi hiyo, wakwe kwao si mchezo. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia majanini na kujifanya ana shughuli huko. Wakiwa na la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wako chumba kimoja na wanasikiana vizuri kabisa. Ndiyo heshima yao, na ina upendo wake: unamlinda mwenzako asionekane akiwa katika udogo wake. Ama mama mkwe kugusa nguo ya ndani ya mkwewe, jambo hilo halina hata jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaza kwamba lingeweza kutokea.

Bi Pelagia alilala chumba cha pili. Ukuta ulikuwa mwembamba. Kila alipojilaza alimsikia mkwewe upande wa pili akijikuna kwa kitu alichodhani ni kijiko, na kwa kweli kilikuwa kijiko. Alivumilia. Akamuuliza Leokadia kama mwenzake anaumwa, Leokadia akasema ni kazi nyingi. Mama akanyamaza, kwa vile yeye mwenyewe alikuwa ameshajaribu ile mashine kwa kanga yake moja na alijua ni kazi gani inayowasha mapaja.

Asubuhi moja wenye nyumba walipotoka, alitoa beseni chini ya kitanda, akakinga maji ya mvua yaliyodondoka kwenye bati (nayo yalikuwa ya wizara, kisheria, tangu yangali wingu), akafua kila kilichokuwemo kapuni. Alisugua, akasuuza, akasuuza tena. Alipofika chini kabisa ya kapu akakuta vile ambavyo hakupaswa kuviona. Alisimama navyo kitambo. Kisha akageuzia uso pembeni, kama mtu anayemwogesha mgonjwa, akavifua bila kuvitazama.

Siku ya pili Athanasi alifungua kabati akatoa chupi, ikamlegea mkononi. Ilikuwa laini. Ilinukia jua. Akamtazama mkewe. Leokadia akasema yeye hajafua chochote. Wakatazamana, halafu wote wawili wakautazama ukuta.

Mtu mwenye haya angeirudisha kabatini na kuomba mbingu imfunike. Athanasi alikuwa na haya, tena nyingi, zilimpanda hadi masikioni. Lakini aliivaa. Na aibu yake, nasikitika kukuambia, ilimsindikiza hadi getini tu. Hapo ikaanza raha, akatembea kuelekea ofisini bila kupanua miguu, kama binadamu wengine. Jioni hakuuliza kitu, na mama hakusema kitu. Kesho yake tena vivyo hivyo. Akawa na mazoea ya kutojua.

Raha ndiyo iliyomponza. Kwenye kikao cha wakuu Waziri alijikuna, naibu akajikuna, zamu ikateremka mezani hadi ikafika kwa Athanasi, naye ametulia tuli, anatabasamu, mikono imekaa juu ya meza kama ya mtu aliyeshiba.

"Mkude," Waziri akasema, "mbona huna hamasa?"

Athanasi akahisi kiti kinamkimbia, ila ile sauti yake ya redio ikajitokea yenyewe. "Mheshimiwa, kwangu imeshapita kwenye ngozi. Sasa iko moyoni."

Waziri alifurahi kuliko siku ya uchaguzi. Akasema hayo ndiyo matunda ya kuitumia Nidhamu kwa imani, na papo hapo akaagiza wakaguzi na wapiga picha waende nyumbani kwa Mkurugenzi Msaidizi wakaipige picha mashine ile, ili taifa lijifunze. Athanasi akaomba atangulie, akatengeneze kidogo mazingira. Waziri akamwambia kaa, unyenyekevu ukizidi unakuwa kiburi. Akakaa. Ilikuwa siku ya kufua, na jua lilikuwa kali.

Wakaguzi waliingia uani wakakuta kamba imejaa. Mashati yalikuwa meupe kiasi kwamba mkaguzi wa kwanza alijikinga macho, akidhani ni silaha. Pembeni kabisa ilitandazwa kanga moja, peke yake, imebanwa vizuri kwa vibanio. Mtu mzima yeyote wa nchi ile anajua kinachokauka chini ya kanga iliyotandazwa namna hiyo, na hainui. Wakaguzi walikuwa watu wazima, ila walikuwa kazini. Wakainua.

Bi Pelagia alikamatwa mikono ikingali na povu, akasema yeye ni dobi wa kupita tu aliyeomba kamba, na nguo zile si za nyumba hiyo. Povu lilichukuliwa kama kielelezo, likapasuka njiani, na askari aliyelibeba akapewa onyo kali. Na kwa kuwa gari lilikuwa bado lina nafasi, wakaguzi wakapita mtaa mzima wakikagua uvunguni. Wakapata mabeseni mengine, na wenye mabeseni: Mama Ndelwa muuza maandazi, mke wa fundi Kapufi aliyekuwa na mimba kubwa, na wanawake wengine ambao Athanasi alikuwa akisalimiana nao kila asubuhi na kuwasifu kwa jinsi walivyoitunza Nidhamu.

Wote walifikishwa mbele ya Baraza la Unyevu, katika ukumbi wa wizara, Waziri mwenyewe akiwepo. Wanawake wa mtaani waliketishwa kwenye benchi wasubiri zamu yao, kwa maana kesi zao zingefuata uamuzi wa kesi ya Bi Pelagia. Shitaka lake lilikuwa kusababisha weupe uliozidi kiwango. Adhabu yake ilikuwa Kambi ya Ukavu, huko kaskazini, ambako mtu hufundishwa kuishi bila kunawa, na ambako mtu wa umri wake hakuwahi kurudi.

Mwenyekiti wa Baraza, bwana mmoja aliyezungumza kana kwamba kila neno linapigwa picha, aliamuru kielelezo kikuu kiletwe. Kikaletwa juu ya sinia. Ilikuwa chupi moja ya buluu, ya kiume, safi ajabu. Mpira wake wa kiunoni ulikuwa umekwisha zamani, na mtu fulani mwenye mkono mzuri alikuwa ameshona badala yake kipande cha kitenge. Kwenye kitenge hicho lilionekana jicho moja na nusu ya sharubu.

Waziri akainama kutazama. Jicho lilikuwa lake. Sharubu nazo. Kilikuwa kitenge cha maadhimisho ya wizara, kilichogawiwa kwa wakuu wa idara peke yao wakashone mashati.

Sikuwahi kusikia ukimya kama ule niliosimuliwa. Waziri akataka wakuu wa idara wasimame mmoja mmoja, waiweke mikono juu ya Nidhamu iliyokuwa imepambwa kwa maua jukwaani, na waape. Mkurugenzi wa Mabomba akaapa. Mkurugenzi wa Ukame Endelevu akaapa, akatokwa na machozi ili aaminiwe. Ikafika zamu ya Athanasi.

Leokadia alikuwa amekaa nyuma ya ukumbi. Bi Pelagia alisimama kizimbani, ametazama sakafu, maana mkwewe alikuwa mbele yake. Athanasi akaweka mkono juu ya mashine. Alikusudia kusema kweli, hilo alilishikilia maisha yake yote, kwamba alikusudia. Lakini Waziri alikuwa anamtazama, na ile sauti ikatoka, safi, bila kukwaruza.

"Siijui chupi hiyo. Sijawahi kuiona."

Aliyasema hayo akiwa amevaa ya pili yake.

Mwenyekiti akasema kwamba, kwa kuwa mwenyewe hakupatikana, ni dhahiri mshitakiwa aliiba kitambaa cha serikali, na kosa linapanda daraja. Hapo Bi Pelagia akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayejibu hodi:

"Ni yangu."

"Chupi ya kiume?" Mwenyekiti akauliza.

"Mifupa yangu inashika baridi, mwanangu. Uzee huu nichaguliwe hadi cha kuvaa?"

Ukumbi ulicheka mpaka wapiga picha wakatikisa kamera zao. Waziri alicheka, naibu akacheka, vicheko vikashuka kwa kufuata vyeo. Mwenyekiti, akiona siku yake imefika, akasema Baraza haliwezi kupokea maneno matupu, na akamwita askari aichukue ile nguo kutoka kwenye sinia, ampime nayo bibi kiunoni, pale pale, hadharani, ionekane kama inamfaa.

Askari akaishika. Bi Pelagia akaifunga vizuri kanga yake, akainua kidogo mikono kando, kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi. Alikuwa bado anatazama sakafu, akimlinda mkwewe asionekane, na mkwewe akaona kwamba anamlinda.

"Muache mama," Athanasi akasema. Askari akageuka. "Ni yangu. Ni mama mkwe wangu, na amenifulia."

Hakuna aliyecheka. Wanawake ukumbini wakajifunika nyuso kwa kanga. Naibu Waziri, mtu wa madaraka yote yale, akatazama viatu vyake. Athanasi alisimama katikati ya aibu hiyo akingoja imwue, na alishangaa kukuta kwamba ndani yake mlikuwa na nafuu. Alidhani amemaliza. Alidhani kazi ngumu imekwisha.

Waziri hakuwa mjinga. Mawaziri wa nchi ile si wajinga, wanafananishwa tu. Alisimama taratibu, akaitazama chupi, akamtazama Athanasi, kisha akawageukia wapiga picha.

"Ndugu zangu," akasema, "mmesikia kwa masikio yenu. Vazi hili ni la Mkurugenzi Msaidizi wa Povu. Je, nyumbani kwa Mkurugenzi Msaidizi wa Povu nguo hufuliwa na nini? Hufuliwa na Nidhamu. Kwa hiyo vazi hili limefuliwa na Nidhamu. Itazameni ilivyotakata. Huyu mama alianika tu, na kuanika si kosa. Ushahidi tuliokuwa tunautafuta miaka yote kwamba mashine yetu inafua, kumbe uko kwenye sinia."

Makofi yakalipuka. Mwenyekiti akatangaza kwamba Bi Pelagia hana hatia. Athanasi akafungua mdomo.

"Unataka kusema kitu, Mkude?" Waziri akamuuliza kwa upole mkubwa. "Au Nidhamu haifui?"

Athanasi aliliona benchi. Mama Ndelwa alikuwa amekaa wima, anamtazama. Mke wa fundi Kapufi alikuwa ameshika tumbo lake. Akajua, kwa sababu alikuwa ameziandika baadhi ya kanuni zile kwa mkono wake, kwamba kama mashine inafua, basi aliyekutwa na beseni hana udhuru wowote, amefua kwa ukaidi tu. Akajua pia kwamba kama haifui, mama mkwe wake anarudi kizimbani, naye pamoja naye, na wale wa kwenye benchi pengine wangepona, pengine wasipone. Alifikiri ana muda wa kulipima jambo hilo. Hakuwa nao.

"Inafua, Mheshimiwa."

Ndipo Bi Pelagia alipoinua kichwa. Akamtazama. Akamtazama usoni, macho kwa macho, muda mrefu, jinsi anavyotazamwa mtu baki ambaye huna undugu naye na wala humwonei haya.

Kesi za benchi zilimalizwa kabla ya chakula cha mchana. Hazikuhitaji mashahidi.

Athanasi alipandishwa cheo, akaondolewa neno Msaidizi. Chupi iliwekwa ndani ya kasha la kioo, ikaanza ziara ya mikoani, na katika kila mkoa wanafunzi waliimba mbele yake. Barua za pongezi zilikuja kwa magunia.

Nyumbani hakuna aliyempongeza. Leokadia alimwekea chakula, akaenda kulala kwa mama yake. Athanasi akasimama nje ya mlango wa chumba cha pili, akamwambia mkewe, kwa sauti ya kumfikia aliyekusudiwa, amwambie mama kwamba anaomba radhi, kwamba alisimama kwa ajili yake, kwamba la benchi hakulitaka.

Kisha Bi Pelagia akajibu mwenyewe, bila kumpitisha mtu.

"Uliposema ya kwanza nilikuonea huruma. Uliposema ya pili nilikuheshimu. Hii ya tatu, Athanasi, sijui niiweke wapi."

Asubuhi akasema anaondoka. Wizara ilikuwa imeleta gari la kumpeleka, lenye bendera mbili, naye akasema miguu yake ingali mizima. Athanasi akachukua mzigo wake bila kuombwa, akamfuata kwa nyuma.

Mtaa mzima ulikuwa milangoni. Athanasi alikuwa amejiandaa kwa hilo. Usiku kucha alikuwa ametunga mizaha kuhusu chupi yake, mizuri kweli, ili watakapoanza kumcheka yeye awe ametangulia. Kila walipopita mlango, wanaume wakasimama. Watoto wakaunganisha miguu. "Shikamoo Mkurugenzi," wakasema, mlango baada ya mlango, kwa adabu kamili, na wale wa umri wake wakateremsha macho. Watoto walivaa mashati magumu yenye mistari myeupe, yaliyofungwa vifungo kombo, kwa sababu wanaofunga vifungo hawakuwepo.

Bi Pelagia alisimama kila mlango uliokuwa na pengo. Alishika mikono, akasema pole, akaulizia watoto wamekula nini. Athanasi akawa anasimama nyuma yake na mzigo kichwani, akingoja. Kwa fundi Kapufi alikaa zaidi. Kapufi alikuwa na fimbo ya kuchochea moto mkononi, na Athanasi akaitazama kwa kitu kama matumaini. Kapufi akaiweka chini, akafuta kiti kwa kiganja, akamkaribisha Mkurugenzi akae.

Mwisho wa mtaa, barabara inapoanza kupanda, Bi Pelagia alinyoosha mkono akachukua mzigo wake. Akasema hapa panatosha. Akaenda.

Athanasi akageuka nyuma. Ilimbidi aurudie mtaa ule ule wote, na milangoni walikuwa bado wamesimama, wametulia, wakingoja apite ili wamsalimie tena. Akaanza kutembea polepole, akimtazama kila mmoja usoni, akitafuta mtu mmoja tu wa kumcheka.